Bei ya Mwezi wa Mbali

Adungosi, kituo chetu cha biashara kilichoko baina ya Malaba na Busia, hakijapata kuwa mji wa kahawa, wala sidhani kwamba mgeni apitaye njia hiyo, akitazama mashamba yetu ya mihogo, mtama na wimbi, ataamini kwamba watu wa hapa wameishi umri wao chini ya hukumu ya bei zinazokatwa New York na London. Walakini ndivyo ilivyo. Marehemu baba yangu alilima pamba, kama walivyolima Wateso wengi wa zama zake, pamba iliyopelekwa kwenye kinu cha Malakisi, na malipo yake hayakutegemea weupe wa pamba ile wala wingi wa jasho lake peke yake, bali yalitegemea pia habari za mvua na ukame wa nchi ambazo hakupata kuzisikia zikitajwa. Ilipowadia miaka ya malipo kucheleweshwa msimu baada ya msimu, alikata shauri mara moja, akalilima shamba lile lile akapanda tumbaku. Na kwa kuwa pamba ni mmea wa msimu, hakupoteza ila mbegu na miezi michache. Nalitaja jambo hili mwanzo kwa sababu mwenye mti hana uhuru ule aliokuwa nao baba yangu, na katika tofauti hiyo ndimo zilimo habari zote za bei ya muda mrefu ya kahawa na ya machungwa.

Kahawa sisi tuliiona ikipita. Katikati ya Julai 1975 baridi kali iliyashukia mashamba ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil, jimbo lililokuwa likitoa sehemu kubwa ya kahawa ya nchi ile, ikaiunguza mibuni kwa mamia ya mamilioni hata majani yakawa meusi. Na kama kwamba msiba huo haukutosha, Angola, iliyokuwa miongoni mwa nchi kubwa za kahawa ya robusta duniani, ikaingia vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka huo huo. Kahawa ambayo kabla ya baridi ile iliuzwa New York kwa senti 60 hivi za Marekani kwa ratili ikapanda mwezi baada ya mwezi, hata ilipofika Aprili 1977 ratili moja ilikuwa imepita dola 3. Upande wa pili wa mto Malaba, nchini Uganda, Serikali ya Idi Amin ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa pekee kwa mkono wa bodi yake, nayo ilimlipa mkulima sehemu ndogo mno ya thamani hiyo, tena kwa shilingi ambayo haikununua sabuni, maana sabuni yenyewe haikuwamo madukani. Basi kahawa ikaondoka yenyewe kuifuata bei.

Chepkube, soko lililokuwa chini ya Mlima Elgon katika wilaya ya Bungoma ya wakati ule, ndilo lililopata sifa, kwa kuwa huko iliteremka kahawa ya Bugisu juu ya punda na juu ya vichwa vya watu, na matajiri wakatoka hata Nairobi kuja kuinunua kwa fedha taslimu. Kwetu bondeni mambo yalikwenda kwa unyamavu zaidi. Wateso tuko pande zote mbili za mpaka, na vivuko vya mto vilijulikana na watu wa ukoo mmoja kuliko vilivyojulikana na askari. Kahawa ikavuka usiku kwa baiskeli, na waliokuja nayo wakarejea na chumvi, sukari, mafuta ya taa na mablanketi. Sitaki msomaji adhani kwamba ilikuwa biashara ya furaha. Askari wa upande ule walikuwa na amri ya kumpiga risasi mfanya magendo, na katika vijiji vya ng'ambo kulikuwa na nyumba ambazo mume aliondoka na gunia asionekane tena, hata maiti yake.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mmoja wa walioivusha. Akaleta magunia akayalundika katika chumba chetu cha nyuma, na alipoona kwamba kila alipochelewa kuuza bei ilimlipa zaidi, akaazimu kuchelewa kabisa. Nakumbuka jioni moja, nami nikiwa kijana wa shule ya msingi niliyeruhusiwa kukaa karibu na wakubwa madhali nimenyamaza, baba alimwuliza, "Shemeji, hao watu wa Brazil hawana miche?" Mjomba akamjibu kwamba mti si mahindi, na kwamba mpaka miche hiyo izae yeye atakuwa na lori. Wote wawili walisema kweli. Kweli ya mjomba ilidumu kiasi cha kumtajirisha mtu aliyejua kuondoka sokoni mapema. Kweli ya baba ilikuwa ndefu zaidi, nayo ndiyo iliyoshinda, kwani Wabrazil hawakuirudisha kahawa yao Paraná ilikopigwa na baridi, bali walipanda upya kaskazini zaidi, katika jimbo la Minas Gerais, na soko halikungoja mibuni hiyo ichumwe ndipo lishuke. Lilianza kushuka katikati ya mwaka ule ule wa 1977, mara wanunuzi walipoyakinisha kwamba miche imo ardhini.

Nilipomaliza shule niliajiriwa ukarani katika afisi ya wakala wa forodha pale Malaba, kazi ya kujaza hati za shehena zilizotoka Uganda kwa reli na kwa malori kwenda bandari ya Mombasa. Mkubwa wangu alikuwa mzee wa Mombasa, mtu wa Mji wa Kale, mcha Mungu na mwenye hati nzuri kuliko mashine ya taipu, naye sote tulimwita Maalim. Wauzaji wa kahawa walituachia nakala za teleksi za bei, na vijana tulizisoma kwa kutazama tarakimu ya juu kabisa, tukaambizana kwamba imepanda au imeshuka. Siku moja Maalim akaniita. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni bei ya mwezi huu, na mwezi huu umekwisha kuamuliwa. Shuka chini ya karatasi."

Ndipo alipoanza kunifundisha, na somo lile lilichukua miezi, kwa kuwa alinipa kidogo kidogo baina ya shehena na shehena. Katika soko la New York, lililoanzishwa mwaka 1882 ili wafanya biashara wa kahawa wapate mahali pa kukinga hasara zao, kahawa haina bei moja, bali ina bei ya Machi, ya Mei, ya Julai, ya Septemba na ya Desemba, kisha miezi hiyo hiyo ya mwaka ufuatao, na kila mkataba ni wa ratili 37,500. Mwenye kahawa huuza leo ile atakayoikabidhi baadaye, asihofu kushuka. Mkaangaji hununua leo ile atakayoihitaji baadaye, asihofu kupanda. Na katikati yao husimama mtu wa tatu ambaye hana mbuni hata mmoja wala kinu, anayeichukua hofu ya wote wawili kwa kutaraji faida. Maalim hakumchukia mtu huyu wa tatu, ingawa alimtilia shaka, na aliniambia kwamba sheria ya dini yake imeyazingatia mambo haya tangu kale: mauzo ya salam, ambayo mnunuzi hulipa thamani yote siku ya mapatano ili akabidhiwe bidhaa baadaye, yanafaa, maadamu kipimo, sifa na siku ya kukabidhi zimetajwa wazi, lakini kuuza matunda ya mti fulani kabla hayajaonyesha dalili ya kuiva kumekatazwa, kwa kuwa Mungu akiyazuia matunda yale mmoja wa wawili atakuwa amekula mali ya mwenziwe pasi na haki.

Maneno hayo niliyakumbuka nilipokutana baadaye na wenyeji wa Kagera, Tanzania, wakanieleza habari za butura, yaani desturi ya mkulima mwenye dhiki kumwuzia tajiri kahawa yake ingali maua au ingali kijani mtini, kwa sehemu ya thamani itakayokuwa nayo wakati wa mavuno. Huo nao ni mkataba wa mbele, hapana shaka. Lakini ulivyo sivyo ulivyo ule wa New York, ambako pande zote mbili zinaijua bei ya miezi yote. Katika butura mmoja anajua na mwenziwe ana njaa, na mimi naona kwamba dhuluma yake haimo katika kuuza mapema bali imo katika ujinga wa bei aliolazimishwa muuzaji.

Faida kubwa niliyoipata kwa Maalim ni kusoma uhusiano wa miezi. Kahawa ikiwa tele, mwezi wa mbali huwa na bei ya juu kuliko mwezi wa karibu, kwa sababu anayeihifadhi kahawa mpaka wakati huo atalipa ghala, bima na riba, na hana budi kurudishiwa gharama hizo. Kahawa ikiwa adimu, jambo hugeuka: anayeihitaji sasa hulipa zaidi ili apewe sasa, na mwezi wa mbali hubaki chini. Basi mtu akiona bei ya leo imeruka hata magazeti yanapiga kelele, ilhali bei ya miaka miwili ijayo imekaa chini sana, na ajue kwamba wenye mali yao sokoni hawaamini kwamba uhaba ule utadumu. Wala si unabii. Wanaoigusa miezi ile ya mwisho ni wachache, na bei yake si zaidi ya kiasi ambacho watu hao wachache wamekubali kufungwa nacho leo.

Tena kuna jambo ambalo Maalim hakulisema, nami nimelipata kwa kukaa Malaba muda mrefu. Mikataba ya mbele haiendi mbali kupita miaka michache, na mbuni uliopandwa leo hautoi mavuno ya maana mpaka mwaka wa tatu au wa nne, kisha huendelea kuzaa kwa miongo kadhaa, mwenyewe apate faida au apate hasara. Kwa hiyo pale karatasi ya soko inapokoma ndipo mti unapoanza kusema. Aghalabu wanaotaka kujua bei ya muda mrefu huwauliza madalali, na madalali huwajibu. Lakini kitalu cha miche, au shamba linalong'olewa, lina jibu lililo bora zaidi, kwa sharti mtu avumilie kulingoja.

Nimeshuhudia hayo yakitimia. Mkataba wa kimataifa wa kahawa, uliofungwa mara ya kwanza mwaka 1962 na kuzigawia nchi viwango vya kuuza ili bei isianguke, ulivunjika katika sehemu yake ya viwango Julai 1989, na katika miaka mitatu ratili moja ikashuka chini ya senti 50. Kenya, ambayo katika msimu wa 1987/88 ilikuwa imetoa tani zipatazo 128,000, ikaanza kurudi nyuma: madeni ya vyama vya ushirika yakaongezeka, mashamba ya Kiambu yakageuzwa viwanja vya nyumba, na leo mavuno yake ni tani 50,000 hivi. Uganda ilishika njia nyingine. Mwaka 1991 ikauvunja uhodhi wa bodi, wanunuzi wakawa wengi, na baridi ilipoipiga Brazil tena mara mbili, Juni na Julai 1994, safari hii bei ilimfikia mkulima bila ya kuvuka mto usiku. Pale Malaba tuliiona tofauti kwa macho: kahawa iliyokuwa ikipita kwa baiskeli sasa ilipita mchana kwa malori yenye hati. Kufikia 1996/97 Uganda ilisafirisha zaidi ya magunia milioni 4 ya kilo 60.

Walakini miche iliyopandwa kwa tamaa ya 1994 ilikuwa ikipandwa kwingineko pia, na zaidi kuliko kwingine kokote ilikuwa ikipandwa Vietnam, nchi ambayo katika miaka ya 1980 haikuhesabiwa sana, na ambayo kufikia mwaka 2000 ilikuwa ya pili duniani. Mwaka 2001 ratili ya New York ilishuka chini ya senti 50. Nchini Uganda mnyauko wa kahawa, ulioanza kuonekana mwaka 1993, ulikuwa ukiua mibuni ya robusta shamba baada ya shamba, na wakulima wengi hawakuona sababu ya kupanda tena mti ambao tunda lake halimlipi mchumaji. Kufikia 2005/06 magunia yaliyosafirishwa na Uganda yalirudi kuwa milioni 2 hivi. Katika miaka ile malori yalikuwa machache hata madereva wakawa na nafasi ya kukaa kunywa chai, na mtu mwenye busara angeziona kuwa ndizo zilizokuwa siku za kupanda. Nadra sana kumpata anayepanda siku kama hizo.

Naandika baada ya kuona bei ambayo mjomba wangu hakuiota. Ukame wa Brazil na wa Vietnam uliifikisha robusta ya London zaidi ya dola 5,000 kwa tani katika mwaka 2024, na mwezi Februari 2025 kahawa ya New York ikapita dola 4 kwa ratili. Uganda, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imegawa miche kwa wingi huku ikitangaza lengo la magunia milioni 20, iliuza zaidi ya magunia milioni 6 katika mwaka wa 2023/24, ikapata zaidi ya dola bilioni 1. Na msururu wa malori kutoka Malaba kuja upande wetu huwa mrefu hata dereva hulala njiani. Mpwa wangu, kijana aliyesoma, anazifuata bei hizi katika simu yake kila asubuhi, na ameniuliza, "Mjomba, hii itashuka lini?" Nimemwambia asiulize lini, aulize nani anapanda. Miche ya miaka hii imo ardhini Uganda, imo Vietnam, imo Brazil, hata jirani zetu wa Teso ambao hawakujua kahawa wameanza kuipanda pembezoni mwa mihogo. Na bei kubwa kama hii haijapata kukaa mbele ya miche mingi kama hiyo. Mimi nataraji kwamba mwisho wa mwongo huu utaikuta kahawa rahisi zaidi kuliko leo. Sitaraji, hata hivyo, kwamba itarudi katika senti za 2001, kwa sababu ardhi, mbolea na mikono ya wachumaji vimepanda thamani, na kwa sababu mvua ya Brazil, ambayo zamani ilikosa mara chache, sasa inakosa miaka inayofuatana.

Habari za machungwa ni nyingine, nazo zanigusa zaidi kwa kuwa machungwa ni ya jamaa zetu. Katika Teso ya Uganda, Soroti, Kumi na Ngora, wakulima walipanda michungwa kwa wingi, na kila msimu malori yake huvuka Malaba na Busia kuelekea masoko ya Kenya. Mwaka 2019 kiwanda cha maji ya matunda kilifunguliwa Soroti kwa msaada wa Korea Kusini. New York ina mikataba ya mbele ya maji ya machungwa yaliyogandishwa tangu mwaka 1966, na historia ya bei ya maji hayo kwa muda mrefu ilifanana na ya kahawa: baridi ikaipiga Florida mwaka 1962, bei ikapanda, Brazil ikapanda michungwa, bei ikashuka, baridi zikaipiga tena katika miaka ya 1980, mzunguko ukarudi.

Kisha ukaja ugonjwa. Ule ugonjwa wa michungwa unaoenezwa na mdudu mdogo afyonzaye majani, ambao huyafanya matunda yabaki kijani na machungu mpaka mti ukafa, ulionekana Brazil mwaka 2004 na Florida mwaka 2005, na hauna dawa. Florida, iliyovuna masanduku milioni 242 katika msimu wa 2003/04, ilivuna milioni 18 hivi katika 2023/24. Bei ikapanda, lakini miche haikuweza kuijibu, kwa maana mche mpya huambukizwa kabla ya kuzaa na mkulima aliyejua hivyo hakupanda. Mwishoni mwa 2024 ratili ilipita dola 5. Kisha katika miezi michache ikaanguka zaidi ya nusu, kwa kuwa wanywaji walikuwa wamegeukia vinywaji vingine na mavuno ya Brazil yalitarajiwa kuwa mema zaidi. Kwa hiyo katika machungwa bei kubwa haikushushwa na mpandaji peke yake, ilishushwa pia na mnywaji, na mnywaji aliyeondoka si rahisi kumrudisha. Mdudu yule, ambaye asili yake ni Asia, amekwisha kuonekana Tanzania na Kenya tangu miaka ya 2010, na nchi zetu za miinuko zilikuwa na aina yake ya Afrika tangu zamani. Mkulima wa Muheza, Tanzania, au wa Kumi anayenunua mche kando ya njia bila ya kujua ulikotoka anajinunulia hatari hiyo kwa fedha yake.

Jambo moja zaidi lazima nilitaje, kwa maana wengi hughafilika nalo. Dola 5 za New York hazikumfikia mkulima wa Teso, kwani zilikuwa bei ya maji yaliyokolezwa na kugandishwa, na chungwa lisilo na kiwanda huenda likiwa tunda tu, likashindane na maembe katika masoko ya Nairobi na kuoza mwisho wa juma. Kahawa mbichi hukaa ghalani miezi mingi ikingojea bei, chungwa halingoji. Ndiyo maana namshauri mpwa wangu, aliyeanza nusu ekari hapa Adungosi, achukue miche yake katika kitalu kilichokaguliwa, asipande yote msimu mmoja, tena aandikiane mapema na mnunuzi sehemu ya mavuno, si yote, kipimo na siku ya kulipwa vikiwa vimetajwa kama alivyofundisha Maalim. Kwa kahawa sina haraka ya kumshauri apande mwaka huu. Nimemwambia angoje mpaka awaone majirani waking'oa.